Paswadi Iliyotangazwa Kanisani

Jumatatu asubuhi Mwau alipofungua mfereji wa kwanza wa kioski cha maji, mfereji ulikohoa mara mbili, ukatema tope kidogo, ukanyamaza. Nyuma yake mitungi themanini na zaidi ilikuwa imepangwa mstari mpaka ukuta wa kanisa, na wenye mitungi walikuwa wakimtazama mgongo. Akafungua wa pili. Akafungua wa tatu. Mama mmoja aliyetoka kilomita nne na punda wake akamwuliza bila hasira yoyote, "Sasa Mwau, unatuonyesha nini?"

Hakuwa na la kumwonyesha. Tangi la Mradi wa Maji wa Kwa Ndunda, ng'ambo kidogo ya Nuu, hubeba lita elfu hamsini, na Jumamosi jioni lilikuwa limejaa hadi juu. Kisima chenyewe kilikuwa kimepungua kwa ukame kiasi kwamba pampu ya sola ilihitaji siku nne nzima kulijaza tena. Siku nne bila maji, mwezi wa kumi, pale Nuu. Hata punda yule alionekana kuelewa hesabu hiyo.

Mwau akatoa simu. Mradi wote uliendeshwa kwa simu: pampu ilikuwa kwenye akaunti moja, valvu na mita kwenye ya pili, na rekodi zote kwenye ya tatu. Zote zilikaa huko mtandaoni, kwenye kompyuta za watu wa mbali ambazo hakuna mtu wa Kwa Ndunda aliyewahi kuziona. Zilikuwa akaunti tatu zenye paswadi moja, na paswadi hiyo ilikuwa imetangazwa kanisani.

Wala si mzaha. Mradi ulipozinduliwa, Mzee Mutisya, mwenyekiti wa kamati na mzee wa kanisa, alisimama wakati wa matangazo, baada ya habari za mazishi na kabla ya sadaka. Akavaa miwani, akaisoma paswadi herufi kwa herufi, kisha akairudia kwa ajili ya waliokaa nyuma. "Hii ni mali ya umma," alisema. "Hakuna mtu atasema kamati imeficha kitu." Watu wakapiga makofi. Nia yake ilikuwa safi kabisa, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumpinga. Mwau alijaribu mara moja tu, alipoajiriwa. Alisema ingefaa kila mtu awe na jina lake na paswadi yake. Mzee Mutisya alimtazama juu ya miwani. "Kijana, unatuita wezi?" Mwau ana miaka arobaini na mmoja na watoto watatu, lakini siku hiyo alirudi kukaa chini akiwa kijana kweli.

Kwenye simu kulikuwa na mstari mmoja. Birika la mifugo: limefunguliwa, Jumapili, saa tano na dakika kumi na mbili. Aliyefungua: Mwangalizi. Hapakuwa na mstari wa kulifunga.

Birika hilo liko chini kwenye mkondo wa mchanga, nusu kilomita kutoka kioski, na kamati ilikuwa imelifunga kwa wiki tatu. Binadamu kwanza, walisema, mbuzi baadaye. Sasa lita elfu hamsini zilikuwa zimemwagika humo, zikafurika, zikazama mchangani, wakati Kwa Ndunda nzima iko kanisani inaimba. Na mwangalizi wa mradi, kwa cheo na kwa mshahara, alikuwa Mwau.

*

Kamati ilikutana mchana huo mbele ya kioski. Walianza kwa maombi, maana hawajawahi kuanza vingine, kisha Mzee Mutisya akampigia simu Injinia Kavata, yule mama wa kampuni iliyofunga mitambo, anayekaa Mwingi. Akaiweka simu juu ya meza, sauti nje ili wote wasikie.

"Madam, tuambie ni nani alifungua hiyo maji."

"Ni Mwangalizi, mzee."

"Mwangalizi ni Mwau. Na Mwau alikuwa mbele yetu na kwaya, kutoka saa nne mpaka saa nane. Mimi mwenyewe nilikuwa namwona."

"Mzee, mfumo haujui Mwau. Unajua paswadi tu. Kwa hiyo akaunti ya valvu, naona simu kumi na nne ziko ndani."

Wanakamati wakatazamana mifukoni.

"Kumi na nne?" akauliza Mama Katunge, mweka hazina.

"Kumi na nne. Zote zinaitwa Mwangalizi. Yeyote kati yao anaweza kufungua, na yeyote anaweza kufunga. Niliwaambia hii maneno mwaka juzi, mkasema nyinyi mnaaminiana."

"Si tunaaminiana," akasema Mzee Mutisya, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Simu ilipokatwa, kila mmoja alianza kueleza alikokuwa Jumapili, bila kuulizwa. Halafu Mama Katunge akasema lile ambalo wengine walikuwa wakilizungukazunguka. "Nani alifundishwa hii kitu kabla ya Mwau? Nani hakuja kanisani jana? Na nani alitoka hapa na hasira?"

Hakuna aliyehitaji kutajiwa jina. Nzilani, mjane anayeishi nyuma ya shule, alikuwa mwangalizi kwa miezi minane. Akaondolewa kwa sababu alisoma mita kama zilivyo, hata za jamaa wa wanakamati, na akazisoma kwa sauti.

Mwau alikumbuka vizuri siku Nzilani alipokabidhi funguo, maana yeye ndiye aliyezipokea. Nzilani alisema mbele ya watu wote, "Badilisheni paswadi leo leo. Sitaki kesho nisingiziwe." Mzee Mutisya alicheka akamwambia vai thina, hakuna neno, wao wanamwamini. Haikubadilishwa. Mwau angeweza kuyasema hayo sasa, na maneno yenyewe yalishafika mdomoni. Lakini aliona macho yamehama kutoka kwake, akajikuta anapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na akanyamaza. Ilikuwa aibu, na alijua ni aibu.

Mkutano wa wanachama wote ukaitwa Alhamisi.

*

Jumanne saa tisa Ebla alifika nyumbani kwa Mwau na kibuyu cha maziwa. Ni mke wa mfanyabiashara wa mifugo, Aftin, aliyeshuka na mbuzi wake kutoka upande wa Garissa akitafuta malisho, na kwa mwaka mzima yeye na Mbithe, mke wa Mwau, wamekuwa wakibadilishana maziwa na maharagwe. Mwau alikuwa ndani ya nyumba, amejilaza. Kwa vile pikipiki yake haikuwa uani, Ebla hakujua kama yupo.

"Mama Kyule, hii ni yako. Wallahi usikatae. Yule mbuzi mwenye mimba alikuwa amelala chini, mimi nilisema huyu amekufa. Saa hii anatembea."

"Ebla, ngoja, tuongelee kule nje..."

"Mungu akulipe. Kama si wewe kutufungulia siku ya Jumapili, tungebaki na ngozi tu."

Mwau alitoka akasimama mlangoni, bila viatu. Ebla alimtazama yeye, akamtazama Mbithe, akaelewa kwamba amesema kitu kisichofaa kusemwa, ingawa hakujua ni kipi. Akaweka kibuyu chini polepole, akaaga, akaondoka.

"Ni wewe," Mwau akasema.

Mbithe aliketi kwenye kigoda. Alikuwa na siku mbili za kungojea swali hilo, na sasa lilipokuja alihisi heri limekuja.

"Ebla alinifuata mpaka kwa ua wa kanisa, Baba Kyule. Alikuwa analia. Nilikuwa na simu yako kwa mkoba, si huwa unaniachia ukienda kuimba? Nikasema nifungue dakika kumi tu, wanywe waende. Na nilifunga! Mungu ni shahidi, nilibonyeza funga. Ile kitu ikazunguka, ikazunguka, halafu mke wa pasta akaniita tupakulie wageni chai. Nikajua imefunga."

"Netiwaki ilikuwa imepotea."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Hukutakiwa kujua. Hukutakiwa hata kugusa!" Mwau alipaza sauti kisha akaishusha, maana jirani hawako mbali. "Unajua kile umefanya? Watu wanakunywa maji ya mkondo na punda. Mtoto wa kina Nyamai anaendesha tumbo tangu jana."

"Najua."

"Hujui. Hiyo elfu kumi na mbili ya mshahara ndiyo inamweka Kyule shule. Wakinifukuza, anarudi nyumbani na sanduku lake kabla ya mtihani. Ndio tutamwambia nini? Ati mbuzi wa Ebla alikuwa na kiu?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Mbithe na hakuyapangusa.

Mwau alizunguka uani mara kadhaa. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya mtu anayepiga hesabu. "Sikiliza. Simu ni kumi na nne. Hata injinia hawezi kujua. Nyamaza tu. Hawawezi kumshika mtu yeyote bila ushahidi, itaongewa, itachosha, itaisha."

"Na Nzilani?"

"Nzilani hakufanya. Kwa hivyo hakuna kitu watapata kwake."

Alilisema hilo kama anavyosema mtu asiyetaka kuulizwa tena. Mbithe alichukua kile kibuyu akakiingiza ndani, lakini siku hiyo hakuna aliyekunywa yale maziwa.

*

Jumatano pampu ilikuwa imekusanya kidogo, na kamati ikaamua kila nyumba ipate mitungi miwili. Mstari uliundwa kabla ya jua kuchomoza sawasawa. Nzilani alikuja na mitungi yake miwili ya manjano, akaiweka nyuma ya mitungi ya mwisho, akasimama.

Mama Katunge alitoka mbele na daftari. Alipofika kwa mitungi ile ya manjano hakuinama. Aliisukuma kwa mguu, mmoja kisha mwingine, ikatoka kwenye mstari na kubingirika vumbini.

"Wewe si ulikunywa yako Jumapili?"

Watu kadhaa wakacheka. Si kwamba walikuwa wabaya. Walikuwa na kiu, na kumcheka mtu mmoja kulikuwa rahisi kuliko kuwashuku kumi na watatu.

"Katunge," Nzilani akasema, "Jumapili nilikuwa Mbooni kwa mazishi ya shangazi. Uliza yeyote."

"Simu haina Mbooni. Simu inafungua hata ukiwa Mombasa. Si wewe ndiye ulitufundisha?"

Hilo lilikuwa kweli. Nzilani angethibitishaje kwamba kidole chake hakikugusa kitu? Aliokota mitungi, akaipangusa vumbi kwa leso pande zote kama mitungi ya kwenda kuuzwa, akaondoka nayo mitupu.

Mbithe alikuwa wa sita kutoka mbele. Alijaziwa miwili yake. Mtu akamsaidia kujitwisha. Njia nzima ya kurudi aliona mguu wa Mama Katunge ukisukuma, na akajua kwamba mguu ule ulikuwa wake.

Alipofika alimwambia mumewe, "Kesho nitasema."

"Mbithe."

"Hata ukinipiga nitasema."

Mwau hajawahi kumpiga, na neno hilo lilimwuma kuliko kama angetukanwa. "Ukisema, mimi sina kazi," alijibu. "Ujue tu hivyo."

"Najua. Na Nzilani hana maji. Amesukumwa leo mbele yangu, Baba Kyule, na mimi nimesimama na mitungi yangu nikanyamaza. Wewe ungekunywa hiyo maji?"

Mwau alitazama ile mitungi miwili. Hakusema anyamaze tena, wala hakusema aseme.

*

Alhamisi kanisa lilijaa kushinda siku ya Pasaka. Injinia Kavata alikuwa amekuja na laptopu yake, akaketi meza ya mbele akiwa na vumbi la njia nzima kwenye viatu. Mzee Mutisya aliomba, akasimama, akaeleza. Alieleza kwa uchungu, maana alimjua Nzilani tangu akiwa msichana wa Sunday School, na hakuna aliyefurahia. Pendekezo la kamati lilikuwa kwamba nyumba ya Nzilani iondolewe kwenye daftari la maji mpaka mwezi wa nane mwakani.

"Una la kusema, Nzilani?"

Nzilani alisimama. "Niliwaomba mbadilishe paswadi. Mlicheka. Leo paswadi ni ya kila mtu, lakini makosa ni yangu peke yangu." Akaketi.

"Wanaokubali pendekezo wainue mikono," Mzee Mutisya akasema.

Mikono ilianza kuinuka. Mwau, pale mbele kando ya kamati, aliona mke wake akisimama kwenye benchi la akina mama, na kwa sekunde moja alitamani kwa moyo wote aketi.

"Teremsheni mikono," Mbithe akasema. "Ni mimi."

Alieleza yote, bila kujipunguzia. Mbuzi, ua wa kanisa, dakika kumi, chai ya wageni. Alisema Ebla hakumlipa hata shilingi, hilo walijue, na hakujua kwamba birika limekatazwa. Alisema hakuna aliyemtuma. Alisema amekaa kimya siku nne huku mwenzake anasukumwa kwenye mstari, na kwamba kimya hicho ndicho kibaya kuliko maji yenyewe. "Niondoeni mimi kwa daftari," akamaliza. "Nzilani hajui chochote."

"Asi!" mtu akamaka huko nyuma.

Ndipo Mwau naye akasimama. "Nilijua tangu Jumanne," alisema. "Na siku ile Nzilani anatoka, nilisikia akisema tubadilishe. Jumatatu kwa mkutano nilikuwa nimekumbuka. Sikusema kwa sababu nilifurahi kwamba si mimi." Alisubiri kama kuna swali.

Mzee Mutisya alivua miwani, akaishika muda mrefu. Huyu mzee hakuwa mnafiki. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba nia njema inatosha, na sasa alikuwa anaona mbele ya kanisa zima mahali ilipomfikisha. "Mimi ndiye niliisoma hapa," akasema, akionyesha mimbari. "Hapa hapa." Kisha, baada ya kushauriana na kamati kwa kunong'ona, akasema kwamba Mwau hataendelea na kazi. Alilisema hilo bila kumtazama. Mwau aliitikia kwa kichwa, akawaza sanduku la Kyule.

Nzilani hakuwa amegeuza shingo wakati wote huo. Mbithe alimwendea katikati ya benchi, akanyoosha mikono yote miwili. Nzilani aliitazama mikono ile, hakuishika.

"Siku nne, Mbithe," alisema.

"Najua."

"Jana nilichota kwa mkondo. Nimefukua mchanga kwa sahani."

Mbithe alibaki amesimama na mikono yake, mpaka akaishusha mwenyewe.

Injinia Kavata alikohoa. "Nisameheni, lakini siwezi kuondoka nikiacha hii kitu hivi. Leo natoa simu zote kumi na nne. Akaunti zote tatu, kila moja na paswadi yake. Kamati mtapewa ruhusa ya kuona tu."

"Hata mimi mwenyekiti?" Mzee Mutisya akauliza.

"Hata wewe, mzee. Utaona maji ni ngapi na nani amefungua. Lakini hutafungua. Anayefungua ni mmoja, na jina lake litaandikwa. Nataka mtu aliyefundishwa."

Waliofundishwa Kwa Ndunda nzima ni wawili, na mmoja alikuwa ndiyo kwanza amefukuzwa. Kanisa lote lilifika kwenye jibu hilo pamoja, na lote likaona haya kulitamka. Ilibidi Mama Katunge ndiye aseme, akiwa anatazama daftari lake. "Nzilani, mwaitu, mama yetu, tusaidie."

"Nitasoma mita za kila mtu," Nzilani akasema. "Kama zilivyo."

"Sawa," akasema Mzee Mutisya.

Kavata aliigeuza laptopu. Kwanza ilibidi mwangalizi wa zamani ajiondoe. Mwau akasogea, akaisoma ile sentensi iliyomwuliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo. Haikuchukua muda wowote. Mkewe alikuwa anamtazama, na yeye akamtazama pia, bila hasira, na bila kitu kingine alichokuwa nacho cha kumpa kwa siku hiyo.

Nzilani alikaa kwenye kiti. Kavata akamwelekeza: jina lako hapa, na hapa paswadi, mara mbili. Kwa mazoea ya siku zote kamati ilisogea karibu, Mzee Mutisya mbele akivaa miwani yake, Mama Katunge ameinamia bega, na nyuma yao benchi mbili tatu za watu wakinyoosha shingo waione.

Nzilani aliondoa vidole kwenye mashine, akaviweka mapajani.

"Geukeni," alisema.

Hawakuelewa mara moja. Hakurudia. Basi Mzee Mutisya akageuka, polepole, akaukabili ukuta, na Mama Katunge akageuka, na nyuma yao kanisa zima likageuka, kina mama na wazee na Mbithe miongoni mwao, mpaka hapakubaki uso. Mwau, aliyekuwa akijua kila ufunguo wa mahali hapo, aligeuka wa mwisho, akabaki akitazama kupitia dirishani watu wa mitungi waliokuwa wakingoja nje, na nyuma yake akamsikia Nzilani akibonyeza taratibu, herufi moja baada ya nyingine.